Picha Iliyopita Mikono Mingi: Namna ya Kusoma Sura za Waigizaji wa Tanzia Zilizochongwa Kwenye Shaba

Mwaka 1753 Simon François Ravenet, mchonga mabamba wa Kifaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alitoa picha ya waigizaji wawili waliokuwa midomoni mwa watu wa mji huo: David Garrick na George Anne Bellamy, katika nafasi za Romeo na Julieti. Mchoro wa asili ulikuwa wa Benjamin Wilson. Wawili hao wamo ndani ya kaburi la ukoo wa Capulet. Julieti amezinduka, anajiinua kutoka alipolazwa. Romeo yuko mbele yake, bado mzima, amepigwa na butwaa.

Aliyeisoma tamthilia ya Shakespeare atakwama hapo hapo. Kwa Shakespeare, wapenzi hawa hawaonani tena wakiwa hai. Romeo anafika kaburini, anamkuta mkewe amelala usingizi anaoudhania kifo, anakunywa sumu na kukata roho. Julieti anapofumbua macho anakutana na maiti.

Wilson na Ravenet hawakukosea hata kidogo. Mwaka 1748 Garrick, ambaye alikuwa mwigizaji mkuu na pia mmoja wa wamiliki wa ukumbi wa Drury Lane, aliifanyia tamthilia hiyo marekebisho. Aliongeza mazungumzo ya kaburini: sumu imeshaingia mwilini mwa Romeo, lakini kabla haijamwangusha Julieti anaamka, wanakumbatiana, wanasahau kila kitu kwa muda mfupi, kisha kijana anaishiwa nguvu mikononi mwake. Watu wa London waliliona tukio hilo kwa karibu miaka mia moja. Romeo aliyewatoa machozi alikuwa huyo wa Garrick, na bila picha kama ya Ravenet, msomaji wa leo mwenye kitabu cha Shakespeare mkononi asingeweza hata kukisia walichokuwa wakikitazama.

Ndiyo maana naona picha hizi hazitendewi haki. Katika vitabu vya historia ya maigizo hutumika kama pambo: ukurasa unamtaja Garrick, basi picha ya Garrick inabandikwa pembeni, haielezwi. Wengine huzipokea kinyume chake, kama ushahidi wa macho, kana kwamba mtu alikaa kiti cha mbele na kunasa kilichotokea. Hiyo nayo ni kuziamini kupita kiasi. Kila moja ilipita mikononi mwa mwigizaji, mchoraji, mchonga bamba na mchapishaji kabla ya kumfikia mnunuzi, na kila mmoja wao alitia lake. Kuisoma ni kutenganisha nani alitia nini.

Kutoka jukwaani hadi kwenye bamba

Tuanze na mwigizaji. Hakuchorwa akiwa jukwaani. Alikwenda kwenye chumba cha kazi cha mchoraji, akavaa mavazi ya mhusika, akashika mkao mmoja na kutulia. Unaweza kudhani kwamba utulivu huo ni uongo tayari, maana maigizo ni mwendo na sauti. Lakini uigizaji wa tanzia, yaani tamthilia za huzuni na maafa, katika karne ya 18 ulikuwa na vituo vyake. Mwigizaji alipofika kwenye kilele cha onyesho alisimama kabisa katika mkao wa hofu, huzuni au ghadhabu, akaushikilia, na watazamaji wakampigia makofi pale pale kabla hajaendelea na maneno. Vituo hivyo vilijulikana. Watu walikwenda ukumbini wakivisubiri, na walilinganisha jinsi mwigizaji huyu na yule walivyovifanya.

Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg, aliyezuru Uingereza mwaka 1774 na 1775, alimwona Garrick akiigiza Hamlet, na katika barua zake akaeleza kwa kirefu alivyoshtuka mbele ya mzuka wa baba yake: anageuka ghafla, anarudi nyuma hatua kadhaa, magoti yanamlegea, kofia inamdondoka, mikono imenyooshwa, mdomo wazi, na hapo anaganda. Wakati Lichtenberg anayaandika haya, picha ya Garrick katika nafasi ya Hamlet, iliyochongwa na James McArdell mwaka 1754, ilikuwa imeshazunguka kwa miaka ishirini. Kwa hiyo mchoraji hakulazimika kubuni mkao. Jukwaa lenyewe lilikuwa limeshamwandalia picha.

Baada ya mchoraji kumaliza kazi yake ya rangi za mafuta, mchoro ulipelekwa kwa mchonga bamba. Huyu ndiye mtu anayesahaulika zaidi katika safari hii, na kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa na kazi ngumu kuliko wote. Alipewa picha yenye rangi mamia akatakiwa kuigeuza iwe picha ya wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, na bado watu waujue uso ule.

Njia kuu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya mistari: mchongaji anasukuma burini, yaani chuma kifupi chenye ncha kali, ndani ya bamba la shaba na kukata mfereji mwembamba. Bamba linapakwa wino, linafutwa juu, wino unabaki ndani ya mifereji tu, kisha linabanwa na karatasi yenye unyevu chini ya mashine nzito mpaka karatasi inyonye wino. Kivuli kinapatikana kwa kupitisha mistari juu ya mistari mingine. Kazi ya bamba moja kubwa ingeweza kuchukua miezi. Faida yake ni kwamba bamba lilistahimili, likatoa nakala nyingi kabla ya kuchakaa.

Ya pili ni mezotinti, ambayo Waingereza waliimudu hata Wafaransa wakaiita mtindo wa Kiingereza. Hapa mchongaji anaanzia gizani. Anabembeza chuma chenye meno madogo juu ya bamba zima, huku na huku, mpaka uso wake ukwaruze kama ulimi wa ng'ombe. Bamba hilo likichapwa wakati huo litatoa weusi mtupu. Kisha anaanza kulikwangua na kulilainisha mahali panapotakiwa mwanga: paji la uso, mfupa wa shavu, ukingo wa mkono. Uso unatoka gizani polepole. Kwa tanzia, ambazo matukio yake makubwa hutokea usiku, kaburini, au kwenye kasri lenye mshumaa mmoja, hakuna njia iliyofaa zaidi. Tatizo lake ni kwamba mashine ya kuchapia huyasaga yale meno ya shaba haraka. Nakala za mwanzo, mia moja au zaidi kidogo, zina weusi wa mahameli. Zinazofuata zinaanza kupauka. Watu wawili wangeweza kununua picha ile ile, mmoja akapata Macbeth wa usiku wa manane na mwingine Macbeth wa machweo.

Ya tatu ni ya vitone, ambayo ilishika kasi katika robo ya mwisho ya karne ya 18. Badala ya mistari, uso unajengwa kwa maelfu ya nukta ndogo. Inatoa ngozi laini na mashavu ya duara, na ilipendwa hasa kwa picha za waigizaji wa kike.

Kuna mtego mmoja wa kukumbuka katika njia zote. Kilichochongwa kwenye bamba hutoka kwenye karatasi kikiwa kimegeuka, kulia kuwa kushoto. Mchongaji makini aliuchonga mchoro kinyume ili utoke sawa. Asiyejali, au mwenye haraka, aliuacha ugeuke. Ukikutana na shujaa aliyeshika upanga kwa mkono wa kushoto, usikimbilie kuandika kwamba mwigizaji yule alikuwa wa mashoto.

Majibu ya maswali mengi yamo kwenye maandishi madogo chini ya picha. Upande wa kushoto kwa kawaida kuna jina likifuatwa na neno la Kilatini pinxit: huyo ndiye aliyechora kwa rangi. Kulia kuna jina jingine na sculpsit, au fecit: huyo ndiye aliyechonga. Chini zaidi kuna jina la mchapishaji, anwani ya duka lake na tarehe. Picha iliyokatwa sehemu hiyo ili ienee kwenye fremu imepoteza nusu ya habari zake.

Hogarth, sheria na bei

Ile tarehe haikuwekwa kwa hiari. Ilitakiwa na sheria ya mwaka 1735, na aliyeipigania sheria hiyo kuliko wengine ni William Hogarth, mchoraji na mchonga mabamba, aliyekuwa amechoshwa na wachapishaji walionakili kazi zake na kuziuza kwa bei ya chini. Sheria ilimpa mwenye picha haki ya kuichapisha peke yake kwa miaka 14. Mwaka 1767 muda huo uliongezwa hadi miaka 28. Kuanzia hapo kuchonga picha kukawa mradi ambao mtu angeweza kuutilia fedha nyingi akitarajia kuzirudisha.

Hogarth mwenyewe alionyesha njia. Tarehe 19 Oktoba 1741 kijana asiyejulikana, Garrick, alitokea katika ukumbi mdogo wa Goodman's Fields akiigiza Mfalme Richard wa Tatu, na baada ya wiki chache magari ya mabwana wakubwa yalikuwa yakisafiri hadi upande wa mashariki wa London kwenda kumtazama. Karibu mwaka 1745 Hogarth alimchora katika nafasi hiyo kwenye turubai la upana wa mita mbili na nusu, ambalo leo liko Walker Art Gallery, Liverpool. Ni usiku wa kabla ya vita vya Bosworth. Richard ameamka kutoka ndoto ambamo mizuka ya watu aliowaua imemjia mmoja mmoja. Mkono mmoja uko juu, vidole vimetawanyika. Mwingine unatafuta upanga. Hogarth alilipwa pauni 200 kwa mchoro huo na alijivunia kwamba hakuna mchoraji wa Uingereza aliyewahi kulipwa kiasi hicho kwa picha moja ya mtu. Mwaka 1746 yeye na Charles Grignion waliichonga na kuitoa sokoni kwa shilingi saba na nusu.

Bei hiyo ina maana yake. Kiti cha ghorofa ya juu kabisa Drury Lane kilikuwa shilingi moja. Kiti cha mabwana kwenye vyumba vya pembeni kilikuwa shilingi tano. Picha ya Garrick ilimzidi Garrick mwenyewe kwa gharama. Aliyeinunua hakuwa mtumishi wa nyumbani aliyetaka ukumbusho wa jioni moja. Alikuwa mtu mwenye ukuta wa kuipamba, na ukutani picha hiyo ilikaa pamoja na picha za wafalme na majemedari. Hapo ndipo naliona badiliko kubwa. Sheria za Uingereza zilikuwa bado zikiwahesabu waigizaji wasio na kibali pamoja na wazururaji, na sasa mmoja wao ananing'inia sebuleni akiwa na ukubwa wa mfalme, kwa sababu ya mfalme aliyemwigiza.

Garrick alilielewa hilo mapema kuliko wenzake. Aliwatia moyo wachoraji, alikaa kuchorwa tena na tena, na alipokuwa Paris katika miaka ya 1760 aliandika nyumbani akiomba atumiwe chapa za sura yake, kwa kuwa kila aliyekutana naye alizitaka. Wafaransa wengi waliokuwa wakimsifu hawakuwahi kumwona akiigiza kwenye jukwaa lake. Picha zilimtangulia.

Kile ambacho kitabu hakisemi

Nimeanza na Romeo, lakini si pekee. Mwaka 1761 McArdell alichonga, kutoka kwa mchoro wa Wilson, picha ya Garrick akiwa Mfalme Lear katika tufani. Mzee amesimama nyikani, nguo za kifalme zimepigwa na upepo, macho yameinuliwa mbinguni. Kent na Edgar wako karibu naye. Usimtafute mchekeshaji wa mfalme, yule ambaye kwa Shakespeare hamwachi Lear hata radi zikipasua mbingu. Alikuwa ameondolewa jukwaani tangu mwaka 1681, pale Nahum Tate alipoiandika upya tamthilia hiyo, na hakurudishwa mpaka mwaka 1838. Tate alifanya jambo kubwa zaidi: aliubadilisha mwisho. Lear hafi. Cordelia hafi. Binti anaolewa na Edgar na mzee anarudishiwa heshima yake. Garrick alirejesha mistari mingi ya Shakespeare, lakini mwisho huo wa heri aliuacha. Kwa hiyo uso ule wa uchungu tunaoutazama ni wa mtu ambaye watazamaji wake walijua atapona.

Hata Richard wa Hogarth hatoki moja kwa moja kwa Shakespeare. Maneno aliyoyasema Garrick usiku ule wa 1741 yalitoka kwenye toleo la mwigizaji na mwandishi Colley Cibber la mwaka 1700.

Mavazi nayo yanahitaji jicho. Johann Zoffany alimchora Garrick akiwa Macbeth pamoja na Hannah Pritchard, mara tu baada ya mauaji ya Mfalme Duncan. (Tamthilia hiyo Kiswahili inayo, kwa jina la Makbeth, kwa tafsiri ya S. S. Mushi.) Bibi ameshika majambia, mrefu, thabiti, Garrick amejikunja, mikono imemlegea. Hadithi ni ya Scotland ya karne ya 11, lakini Garrick amevaa koti la kiungwana la wakati wake mwenyewe, suruali ya kuishia magotini na soksi ndefu. Mtazamaji wa leo hudhani mchoraji hakujua historia. Ukweli ni kwamba Garrick aliiigiza hivyo hivyo. Ni mwaka 1773 tu, katika ukumbi wa pili wa London, Covent Garden, ambapo Charles Macklin mzee alijaribu kutokea na mavazi ya Kiskoti. Hapa picha ni shahidi mwaminifu, na ujinga uko upande wetu.

Lakini angalia pia tarehe. Valentine Green aliichonga picha hiyo ya Zoffany kwa mezotinti na kuitoa mwaka 1776. Pritchard alikuwa amefariki mwaka 1768. Baada ya Pritchard kustaafu mwaka huo huo, Garrick aliacha kuigiza Macbeth. Mnunuzi wa mwaka 1776, mwaka ambao Garrick naye aliliaga jukwaa, hakununua habari za kinachoendelea mjini. Alinunua kitu ambacho hakingeonekana tena popote.

Siddons, na picha isiyo na tamthilia

Baada ya Garrick akaja Sarah Siddons. Mara ya kwanza, mwaka 1775, London ilimkataa. Aliporudi Drury Lane tarehe 10 Oktoba 1782 katika nafasi ya Isabella, mwanamke anayedhani mumewe amekufa na kuolewa na mwingine, watu walizimia kwa kilio. Mtoto aliyetokea naye jukwaani alikuwa mwanawe wa kumzaa, Henry, mwenye miaka 8, na wakati wa mazoezi alilia kweli akidhani mama yake anakufa. William Hamilton aliwachora wote wawili, mama akiwa katika nguo nyeusi za eda, na James Caldwall akaichonga mwaka 1785. Ni katika picha chache za aina hii ambapo mapenzi kati ya wahusika ni mapenzi ya watu wenyewe.

Mwaka huo wa 1785, tarehe 2 Februari, Siddons aliigiza Lady Macbeth kwa mara ya kwanza London. Hapo aliwekewa shinikizo ambalo picha zinatusaidia kulielewa. Katika tukio la kutembea usingizini alitaka kuuweka mshumaa chini ili mikono yote miwili iwe huru kuosha damu isiyokuwepo. Meneja wa ukumbi, Richard Brinsley Sheridan, alimjia chumbani kabla ya onyesho akimsihi asifanye hivyo: Pritchard hakuwahi kuuachia mshumaa, na watazamaji wangeliona jambo hilo kuwa ukaidi. Siddons aliuweka chini. Ukumbi ulimkubali, na Sheridan akaja kumpongeza. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi mkao wa mwigizaji aliyetangulia ulivyoweza kuwa sheria. Kumbukumbu za watazamaji zilishika vituo vile barabara, na picha zilizoning'inia majumbani zilizidi kuvikaza.

Picha yake maarufu kuliko zote, hata hivyo, haitoki kwenye tamthilia yoyote. Joshua Reynolds alimchora mwaka 1784 kama Roho ya Tanzia yenyewe, ameketi juu ya kiti cha enzi mawinguni, na nyuma yake sura mbili za kivuli, moja na jambia, nyingine na kikombe. Mkao wake umefuata nabii Isaya wa Michelangelo kwenye dari la Sistine. Francis Haward aliichonga kwa vitone mwaka 1787, na kuanzia hapo Siddons akawa hivyo machoni pa watu. Mimi naistahi kazi hii, lakini sioni ndani yake chochote kuhusu namna Siddons alivyosimama, alivyogeuka au alivyoutumia mkono wake. Ni Reynolds anazungumza na Michelangelo, na mwanamke mwenye kipaji ameazimisha uso.

Picha za bei nafuu

Kuna soko la chini ya hilo, na mtafiti asiyelijua ataumia. John Bell, mchapishaji wa London, alitoa tamthilia za Shakespeare na za waandishi wengine kwa vitabu vidogo katika miaka ya 1770, kila kimoja na picha ya mwigizaji katika nafasi fulani. Zilipendwa sana. Nyingi zilichorwa kutoka kwa waigizaji wenyewe. Nyingine zinaonyesha waigizaji katika nafasi ambazo hawakuwahi kuziigiza: tamthilia ilikuwa haijachezwa kwa miaka mingi, kitabu kilihitaji sura, basi uso maarufu ukapewa nguo za mhusika. Picha ya Bell peke yake haithibitishi kwamba onyesho lilifanyika. Unahitaji tangazo la ukumbi au gazeti la siku ile.

Mwanzoni mwa karne ya 19 bei ilishuka kabisa. Kuanzia mwaka 1811 hivi William West na wenzake waliuza karatasi za waigizaji kwa peni moja bila rangi, peni mbili zikiwa na rangi, na watoto walizipamba kwa vipande vya karatasi ya metali inayong'aa. Edmund Kean, aliyeivamia London kwa Shylock tarehe 26 Januari 1814 na kwa Richard wa Tatu mwezi uliofuata, alijulikana hata kwenye vichochoro kwa karatasi hizo.

Aliyejaribu kuwafukuza waigizaji kwenye picha alikuwa John Boydell. Mwaka 1789 alifungua jumba Pall Mall lenye michoro ya matukio ya Shakespeare, akitaka wachoraji waende kwa mshairi moja kwa moja bila kupitia jukwaani, na akauza chapa zake kwa watu waliojiandikisha. Vita na Ufaransa viliua soko lake la Ulaya, na mali yote ikaishia kwenye bahati nasibu.

Ira Aldridge

Picha ninayotaka kukaa nayo zaidi ni ndogo, imechongwa kwenye chuma cha pua, na ilitolewa na kampuni ya John Tallis ya London mwanzoni mwa miaka ya 1850. Ndani yake mtu mweusi amesimama na upanga wa kupinda mkononi. Karibu naye yuko mtoto mchanga. Maandishi yanasema: Mr. Ira Aldridge as Aaron.

Aldridge alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807. Marekani ya wakati huo ilimpa mtu mweusi nafasi finyu mno kwenye jukwaa la tanzia, akavuka bahari kwenda Uingereza, na mwaka 1825, bado hajatimiza miaka 18, akaigiza Othello, jemadari Mmoori, yaani mtu mweusi, wa tanzia ya Shakespeare, katika ukumbi mdogo mashariki mwa London. Mwaka uliofuata James Northcote alimchora katika nafasi hiyo, mchoro wa uso na mabega tu, macho yakitazama pembeni. Uko Manchester. Jina la mchoro ni la mhusika, Othello, Mmoori wa Venice. La mwigizaji halimo.

Tofauti yake na picha nyingine za Othello ni ya kuonekana mara moja. Kabla yake, chapa za Othello zilionyesha wazungu waliojipaka rangi, na Kean aliipunguza hata rangi hiyo ikawa ya kahawia hafifu. Mchongaji alikuwa akichonga kiremba, vito na sura ya Mwingereza chini ya masizi. Kwa Aldridge hakukuwa na cha kupaka wala cha kufuta.

Machi 25, 1833, Kean alianguka jukwaani Covent Garden akiwa Othello, na hakupona, alifariki Mei. Aprili 10 Aldridge aliitwa kuigiza nafasi hiyo hiyo katika ukumbi huo huo. Bunge lilikuwa likijadili kukomesha utumwa katika makoloni, na wenye maslahi katika utumwa walikuwa na magazeti yao. Jarida la Athenaeum lililalamika kwamba ni fedheha kwa Ellen Tree, aliyeigiza Desdemona, mke wa Othello, kuguswaguswa na mtu mweusi. Baada ya maonyesho mawili Aldridge hakuitwa tena. Akarudi kwenye kumbi za miji ya Uingereza, Scotland na Ireland, na tangu mwaka 1852 akazunguka Ulaya, ambako wafalme walimvika nishani. Petersburg mwaka 1858 alichorwa na Taras Shevchenko, mshairi wa Ukraine aliyezaliwa mtumwa wa ardhi, na wawili hao wakawa marafiki. Alifia Łódź, Poland, tarehe 7 Agosti 1867, akiwa bado kazini.

Sasa turudi kwa Aaron. Katika Titus Andronicus ya Shakespeare, Aaron ni Mmoori mwovu kuliko karibu wahusika wote: anapanga ubakaji, anapanga mauaji, na mwishoni anajuta tu kwamba hakutenda maovu zaidi. Aldridge aliitaka nafasi hiyo kwa kuwa wahusika weusi wakubwa walikuwa wachache mno, lakini hakutaka kuiigiza ilivyoandikwa. Kwa kushirikiana na C. A. Somerset aliiandika upya. Matendo ya kinyama yaliondolewa, malkia Tamora akafanywa mwanamke mwenye heshima, na Aaron akawa shujaa. Mswada wake haupo. Tunaujua kupitia matangazo na maoni ya magazeti.

Picha ya Tallis ilichongwa kutoka kwa dagerotaipu, picha ya kamera kwenye bamba lililopakwa fedha, iliyopigwa katika studio ya William Paine wa Islington. Mtu angedhani kamera imewaondoa mchoraji na mchonga bamba katikati, tukabaki na mwigizaji mwenyewe. Haikuwa hivyo. Dagerotaipu ilidai mtu atulie sekunde kadhaa mbele ya lenzi, mbali na jukwaa na watazamaji, na baadaye mchongaji akaongeza mandhari na kulainisha kivuli kwa vitone. Mchapishaji naye akaongeza maneno ya Shakespeare chini, yale ambayo Aaron anatangaza kwamba atakayemgusa mwanawe, mzaliwa wake wa kwanza, atakufa kwenye ncha ya upanga wake. Kwa mnunuzi wa toleo la Tallis, hiyo ni Titus ya Shakespeare. Mtu aliyekuwa ameshika upanga alikuwa akiigiza nyingine.

Na bado nadhani tukio halikuchaguliwa ovyo. Mtoto wa Tamora amezaliwa mweusi, na wazungu waliomzunguka wanataka auawe ili aibu ifichwe. Baba anachomoa silaha na kuwauliza kama weusi ni rangi duni kiasi hicho. Katika tamthilia nzima ya Shakespeare, hapo ndipo mahali ambapo Aaron wake na Aaron wa Aldridge wanaweza kusimama kwenye miguu ile ile. Mchapishaji akapata mstari anaoufahamu, na mwigizaji akapata kuonekana kama alivyotaka, baba anayemkinga mwanawe. Katika mfululizo huo huo wako Macready na Samuel Phelps, wakubwa wa kumbi za London. Ukubwa wa karatasi ni mmoja, mtindo ni mmoja, na Aldridge ameitwa Mr. kama wao.